Kilimia Chini ya Kuba: Uhakiki wa Onyesho la Nyota katika Makumbusho ya Cape Town

Utangulizi

Tulipoanza somo la fasihi simulizi katika mwaka wa kwanza, tulifundishwa kwamba ngano haisimami bila fanani, hadhira, mahali na wakati. Tuliambiwa pia kwamba wakati wake hasa ni usiku, kazi za mchana zikiwa zimekwisha. Nilikariri hayo kwa ajili ya mtihani, nikafaulu, nikayaweka kando. Yalinirudia Desemba iliyopita mahali nisipopatarajia, yaani ndani ya chumba chenye giza mjini Cape Town. Nilikuwa nimeketi kati ya bibi yangu na watoto wawili wa shangazi, sote tumelaza vichwa nyuma tukitazama nyota zilizotupwa kwa mwanga juu ya kuba.

Insha hii inahakiki onyesho hilo. Huenda msomaji akauliza kwa nini mwanafunzi wa Kiswahili ahakiki planetariamu, jengo ambalo ni mali ya watu wa fizikia. Jibu langu ni kwamba nilichokiona mle kilikuwa na fanani, hadhira, mahali na wakati. Kilikuwa na hadithi, tena za kale. Aidha, kuba hiyo imo ndani ya makumbusho yenye michoro ya miambani na vinyago vya udongo, hivyo anayeingia hukutana na nyota na sanaa kwa siku moja. Swali langu ni hili: vitu hivyo viwili vinaungana wapi? Nitadai kwamba vinaungana katika jina la nyota. Nitakiri pia kwamba siku ile mimi, msomi wa lugha katika familia, ndiye niliyekaribia kuukata uzi huo.

Mahali

Iziko South African Museum ilianzishwa mwaka 1825, na tangu mwaka 1897 imekaa katika jengo lake ndani ya Bustani ya Kampuni, Mlima Meza ukionekana nyuma yake. Planetariamu iliongezwa mwaka 1987. Kwa miaka 30 hivi nyota zake zilitolewa na mashine iliyosimama katikati ya chumba, kisha mwaka 2017 ukaja mfumo wa kidijitali, ambao huijaza kuba nzima kwa picha zinazotembea. Kabla ya kuifikia kuba tulipita katika ukumbi wa nyangumi, ambapo mifupa ya wanyama hao inaning'inia hewani ghorofa kwa ghorofa. Mtoto mdogo, wa miaka sita, alilala chali sakafuni ili auone ubavu wa nyangumi wote. Bibi alimwacha. Alisema hata yeye angelala kama magoti yangemruhusu kuinuka tena.

Mahali hapa pana historia ambayo mhakiki hawezi kuiruka. Kati ya mwaka 1907 na 1924 fundi wa makumbusho, James Drury, alichukua vielelezo vya plasta kutoka kwenye miili ya Wasan na Wakhoe waliokuwa hai. Vielelezo hivyo baadaye vilipangwa kuwa mandhari ya kambi ya wawindaji, na vizazi vya watoto wa shule vikaja kuitazama katika jengo lile lile lenye samaki, ndege na visukuku. Historia ya utamaduni wa walowezi ilikuwa na jengo lake jingine. Baada ya mjadala mrefu mandhari ile ilifungwa mwaka 2001. Nayataja haya kwa sababu yanahusu swali la uhakiki: nani amewekwa mahali pa kutazamwa, na nani amepewa nafasi ya kusema? Swali hilo tutaliingiza nalo chini ya kuba.

Hadhira

Hadhira niliyoketi nayo ilikuwa familia yangu mwenyewe, na lazima niieleze, kwa kuwa uhakiki wangu umejengwa juu yake.

Bibi ni mtu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Anasema Kiswahili na Kirundi. Kifaransa chake kinamtosha sokoni, na Kiingereza hana. Babu alikuwa mvuvi wa ndagala upande wa Rumonge. Uvuvi huo hufanyika usiku kwa taa, na mwezi ukikua mitumbwi hupumzika, kwani taa haziwezi kushindana na mwezi. Kwa hiyo bibi aliihesabu fedha ya nyumba kwa kutazama juu. Mwezi mpevu kwake ulikuwa wiki ya kukopa chumvi.

Watoto wa shangazi, msichana wa miaka tisa na mdogo wake wa kiume, wamezaliwa Cape Town. Kiswahili wanakisikia, lakini hujibu kwa Kiingereza. Shuleni wanafundishwa pia Kixhosa. Wanampenda bibi yao, na kwa wiki mbili nilizokuwa pale waliuonyesha upendo huo kwa kumletea chai, kumshika mkono, na kunitazama mimi kila alipofungua kinywa. Nilikuwa mkalimani wa nyumba. Shangazi alikuwa kazini, hivyo siku ile ya makumbusho ukalimani wote ulikuwa wangu.

Fanani wawili

Onyesho lilikuwa na sehemu mbili, na kila sehemu ilikuwa na fanani wake. Sehemu ya kwanza ilikuwa filamu ya kuba, aina ya kazi inayotengenezwa na kampuni chache duniani na kuzungushwa katika planetariamu za nchi nyingi. Sehemu ya pili iliongozwa na mhudumu aliyesimama gizani akiwa na kipaza sauti na kurunzi ya kuelekezea, akitufafanulia anga ya Cape Town ya usiku ule ule.

Kwa upande wa fani, filamu ilikuwa na nguvu ambazo sitazikana. Tulipoondoka duniani na kulipita jua, mtoto mdogo alinishika goti. Mapete ya Zohali yalipotufunika kichwani, bibi alisema "Subhanallah" kwa sauti ya mtu aliyeguswa kwelikweli. Ufundi wa picha, muziki unaopanda taratibu na mwendo unaolidanganya tumbo hadi liamini kwamba kiti kimeruka, vyote ni sanaa na vinastahili sifa.

Udhaifu wa aina hii ya kazi uko kwa msimulizi wake. Sauti iliyorekodiwa haijui ni nani aliyeketi mbele yake, wala haijui kama yuko Cape Town au Tokyo. Haiwezi kungoja. Katika ngano zetu fanani akisema "Paukwa" hawezi kuendelea mpaka aitikiwe "Pakawa", na mwitiko huo ni ruhusa. Filamu haiombi ruhusa. Ndiyo maana, kwa mtazamo wangu, ilitupa mshangao mkubwa lakini haikutupa la kusema. Tulikuwa watazamaji, hatukuwa hadhira kwa maana ya somo letu.

Mambo yalibadilika filamu ilipokwisha na mhudumu akachukua nafasi. Alisalimu, akauliza watoto wangapi wamewahi kuona nyota nje ya mji, akangoja mikono. Kisha akazima taa za mji zilizochorwa ukingoni mwa kuba, na anga ikajaa. Alituonyesha Mawingu ya Magellan, ambayo sisi wa Bujumbura, karibu na ikweta, huyaona chini sana upande wa kusini, kama huyaona. Alionyesha Orioni, ambaye kwetu mkanda wake hupita karibu na utosi na kule huonekana kichwa chini miguu juu. Nilifasiri yote hayo kwa kunong'ona. Nilijiona fundi.

Jina lililonipita

Kurunzi ilisogea kaskazini, ikasimama juu ya kifungu kidogo cha nyota zilizosongamana. Mhudumu akazitaja kuwa ni Pleiades. Nilimnong'oneza bibi, "Hizo zinaitwa Dada Saba." Nilikuwa nimelisoma jina hilo kwa Kiingereza, nikaligeuza papo hapo.

Mhudumu akaendelea kwamba kwa Kixhosa kundi hilo ni isiLimela; kwamba linapoonekana tena alfajiri mwezi wa Juni, watu walijua msimu wa kulima unakaribia; na kwamba wanaume walihesabu miaka yao ya utu uzima, tangu kutoka jandoni, kwa kuhesabu isiLimela ngapi wameziona. Nilikuwa bado naitafutia maneno sentensi ya nyuma. Hii ikanipita. Nikamwambia bibi kwa mkato, "Na Waxhosa wana jina lao."

"Jina gani?"

Kabla sijajibu, msichana aliinama mbele yangu akamwambia, "isiLimela, bibi. Ni mwezi wa Juni. Tumejifunza shuleni." Alisema kwa Kiswahili, kilichovunjikavunjika lakini Kiswahili. Katika Kixhosa mwezi wa Juni huitwa EyeSilimela, na watoto huimba miezi darasani kama sisi tulivyoimba vichwa vya ngeli.

Bibi alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, bila kunong'ona, "Kilimia! Si Kilimia hicho? Mbona wewe unaniambia habari za dada saba?"

Watu wa safu ya mbele waligeuka. Mhudumu akauliza mama mzee amesema nini. Mimi niliona haya, ulimi ukanata. Aliyejibu ni mtoto, kwa Kiingereza, kwamba bibi yake anaijua nyota ile na jina lake ni Kilimia. Mhudumu alilirudia neno mara mbili kwenye kipaza sauti, mara ya pili akalipatia mkazo wake. Kisha akasogeza kurunzi mahali pengine, kwa maana onyesho lina dakika zake.

Nimelitafakari kosa langu tangu siku ile, nalo si la msamiati tu. Neno Kilimia nalijua. Limo katika kamusi ninazozitumia kila wiki. Lakini nilijua neno bila kuijua nyota, na aliyejua nyota aliketi kushoto kwangu akingoja tafsiri. Nilidhani kazi yangu ni kuyaleta maarifa kutoka kwenye Kiingereza hadi kwa bibi. Halikunijia wazo kwamba yanaweza kwenda upande wa pili.

Uchambuzi wa neno

Hebu tulitazame jina lenyewe kama tulivyofundishwa. Kilimia lina kiambishi ngeli ki-, mzizi -lim- wa kulima, kiambishi cha kauli ya kutendea -i-, na irabu tamati -a. IsiLimela lina isi-, ambacho ni ndugu wa ki- yetu, mzizi ule ule -lim-, kauli ya kutendea -el-, na -a. Tofauti ya -i- na -el- haitutishi. Kiswahili kiliidondosha "l" ya kauli hiyo. Kwa hiyo maneno haya mawili yamejengwa kwa vipande vile vile na kwa mpangilio ule ule, ingawa wasemaji wake wako mbali kama Buyenzi ilivyo mbali na Cape Town. Yote mawili yanasema nyota hii ni ya kulimia.

Jina Dada Saba ni zuri katika masimulizi ya Wagiriki, lakini kwa bibi halikuwa na kazi. Kilimia lina kazi, na limezaa methali ambayo bibi aliwaambia watoto tulipotoka nje: "Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua." Nyota hizi hupotea jioni upande wa magharibi karibu na mwezi wa Mei, na baada ya wiki kadhaa huibuka alfajiri mashariki. Kwetu kwenye Ziwa Tanganyika huzama mvua za mwisho zikinyesha na huzuka kiangazi kimeingia. Hiyo ni nusu ya pili ya methali. Usiku ule, kitandani, nilikumbuka kwamba Cape Town hupata mvua zake katika majira ya baridi, yaani Juni hadi Agosti. Pale Kilimia huzama ukavu ukiisha na huzuka katikati ya mvua. Hiyo ni nusu ya kwanza. Bibi alikuwa ameibeba methali nzima maisha yake yote, na mjini Cape Town, pengine kwa mara ya kwanza, zile nusu mbili zilikuwa na watu wake ndani ya familia moja.

Mchoro na nyota

Baada ya kuba tulikwenda kwenye sanaa ya miambani. Kipande mashuhuri zaidi ni jiwe la Linton, bamba lililokatwa katika pango la shamba la jina hilo, Rasi ya Mashariki, mwanzoni mwa karne ya 20. Juu yake kuna pofu, watu, samaki, na mstari mwembamba mwekundu uliozungushiwa nukta nyeupe, unaopita kati ya viumbe hao kama uzi. Umbo la mtu mmoja kutoka jiwe hili ndilo lililowekwa, likiwa limerudufiwa, katika nembo ya taifa ya Afrika Kusini mwaka 2000, pamoja na kaulimbiu iliyoandikwa kwa lugha ya /Xam, ambayo hakuna tena mtu anayeizungumza.

Kwa muda mrefu michoro kama hii ilisomwa kama picha za uwindaji tu. Uliosaidia kuifungua ni ushahidi wa maneno. Katika miaka ya 1870 Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd waliandika, hapo hapo Cape Town, masimulizi ya watu wa /Xam, baadhi yao wakiwa wafungwa waliotolewa gereza la Breakwater. //Kabbo ni mmoja wa wasimulizi hao. Karibu karne moja baadaye mtafiti David Lewis-Williams aliyatumia madaftari yale, pamoja na ushahidi kutoka kwa Wasan wa Kalahari, kueleza kwamba michoro mingi inahusu uganga, ngoma ya kuponya na safari ya mganga katika ulimwengu mwingine. Madaftari hayo yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997.

Ndani ya masimulizi hayo hayo mna nyota. Msichana wa kale alirusha majivu ya moto angani, yakawa ile njia nyeupe ya usiku, ili watu waliochelewa wapate mwanga wa kurudia nyumbani. Sisi katika Kiswahili cha vitabu tunaiita Njia ya Maziwa, na maziwa hayo ni ya ngano ya Kigiriki. Nilipowafasiria watoto na bibi kisa cha majivu, bibi alikipokea bila kuhitaji maelezo, kwani majivu na njia ya kurudi usiku ni vitu vya nyumbani kwake.

Hapa ndipo ninapojibu swali la insha. Mtu anaweza kudhani sanaa na elimu ya nyota vimeunganishwa kwa sababu picha za kuba zinapendeza. Kupendeza hakutoshi. Mchoro wa mwambani bila neno ni wanyama tu, na kundi la nyota bila jina ni nukta tu. Waliochora, waliosimulia na waliolima walifanya kazi moja ya kuipa dunia majina yanayobeba kazi na hofu zao. Leo antena 64 za darubini ya redio ya MeerKAT, iliyozinduliwa mwaka 2018, zinaitazama anga katika nchi kavu ya Rasi ya Kaskazini, eneo lile lile walikotoka wasimulizi wa /Xam. Antena hizo zinasikia mbali sana, lakini kisa cha majivu kimebaki kwa sababu mtu mmoja alikisema na mwingine akakiandika.

Hitimisho

Kwa jumla, onyesho hili lilifanikiwa pale lilipokuwa na fanani hai, anayeweza kusimamisha kurunzi na kuuliza mama mzee amesema nini. Ningependa sehemu hiyo iwe ndefu kuliko filamu, katika planetariamu yoyote, kwa sababu ndiyo pekee inayomgeuza mtazamaji kuwa hadhira.

Kwa wenzangu wanafunzi nina neno la ziada. Tunakusanya methali, vitendawili na nyimbo za jando, lakini ni wangapi kati yetu wametoka nje usiku na mzee, wakamwomba aelekeze kwa kidole? Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali tumezihifadhi, na zilitujia kwa Kiarabu pamoja na elimu na ubaharia. Majina kama Kilimia, yaliyozaliwa na jembe, yana hatari ya kubaki katika kamusi kama ukucha wa simba uliobaki porini. Mkalimani aliyesomea kamusi atayaruka, kama nilivyoyaruka.

Tangu turudi Bujumbura, yule msichana amekuwa akimtumia bibi ujumbe wa sauti kwa Kiswahili. Wiki iliyopita aliuliza zile nyota tatu za mkanda wa Orioni bibi anaziitaje. Bibi alisikiliza mara mbili, akasema yeye hana jina lake, ila yuko dada yake Ujiji ambaye hawezi kulikosa. Nimekwisha kununua daftari.